Mabakuli ya Alhamisi

Jumanne, 1 Oktoba

Msimu mkuu wa kakao umeanza na mizani yetu imewashwa. Nimevaa gauni nililoshonewa kwa harusi ya binamu yangu. Duku alinitazama toka viatu mpaka kilemba akauliza kama leo kuna mchumba anakuja ofisini. Nikamwambia ndiyo, tena wengi, kila kijiji mmoja, kila mmoja ana skrini ndogo na betri ya jua.

Niyaandike mambo tangu mwanzo, ili nikizeeka nikisoma nisijiulize nilikuwa najivunia nini. Ushirika wa wakulima umeweka mizani ya umeme kwenye vibanda vya kununulia kakao. Mkulima akiweka gunia, mzani unausoma uzito na kuutuma moja kwa moja hapa Kumasi, ukiwa umefungwa kwa siri, kabla karani wa ununuzi hajapata nafasi ya kuweka kidole chake. Kinachoufunga na kuusafirisha ni Krado, maktaba ya programu, yaani msimbo ambao programu nyingine huuazima, tuliyoiandika wenyewe, ghorofa ya pili, juu ya mgahawa wa mama muuza fufu. Krado kwa Kitwi, lugha yetu, ni kufuli. Mama Frema, bosi wetu, ndiye aliyeianzisha. Duku ameandika sehemu inayoongea na mtandao. Mimi nimeandika kabati.

Kabati ndilo hili: kila ujumbe unapoingia unahitaji pa kutua, kipande cha kumbukumbu ya kompyuta. Vitabu vinakiita bafa, sisi tunakiita bakuli. Seva ikiwashwa, kabati linajazwa mabakuli yake, basi, hayaongezeki. Ujumbe ukija bakuli linatolewa. Kazi ikiisha bakuli linaoshwa, kila herufi inafutwa mpaka zibaki sifuri tupu, ndipo linarudi. Bakuli halitoki kwangu likiwa na makombo ya mtu mwingine. Kuna watu wanaandika programu kubwa kuliko hii, najua. Safi kuliko hii bado sijaiona.

Nana Ataa, mwenyekiti wa ushirika, alipiga simu mchana, Mama Frema akaiweka kwenye spika. Hana salamu ndefu yule mama.

“Frema, nimewapa mpaka Krismasi. Mizani yenu ikinyamaza, karani anatoa mzani wake wa kuning'iniza, na ule mnaujua. Ikininyamazia tena na tena, naing'oa Krado yenu naweka ya wale wageni wenye tai.”

“Haitanyamaza, Nana,” akasema Mama Frema.

Na mimi nikasema vivyo hivyo, kwa sauti, ingawa hakuna aliyeniuliza.

Alhamisi, 3 Oktoba

Mvua. Leo Alhamisi, upande wa msituni hakuna anayelima, kwa hiyo hakuna aliyepima. Tumekula banku na samaki, Duku kamaliza pilipili yote.

Ijumaa, 4 Oktoba

Mizani imekwama. Asubuhi vijiji vyote vya msituni vilikuja kwa pamoja, na kabla ya saa nne seva ikaanza kuijibu mizani neno moja: SUBIRI. Mabakuli yamekwisha kabatini. Tuliizima seva tukaiwasha, ikawa nzima.

“Konadu, wewe umezaliwa Ijumaa,” Duku akasema. “Siku yako ina nuksi.”

“Na wewe umezaliwa siku gani, ya kuzungumza sana?”

Watu walikuwa wengi mno kwa mkupuo mmoja. Ndivyo tulivyokubaliana wote.

Jumanne, 8 Oktoba

Kimya upande wa mtoni. Mto una siku yake na ni hii. Tumefagia ofisi, tumefuta vioo.

Jumatano, 9 Oktoba

Imekwama tena, mara hii upande wa mtoni. Tumezima, tumewasha.

Ijumaa, 11 Oktoba

Tena. Msituni. Sisemi siku gani nimezaliwa.

Jumatatu, 14 Oktoba

Ugomvi. Duku amesimama mbele ya ubao na kalamu yake kama mchungaji. Anasema tatizo ni kabati langu: kuosha kila bakuli kunachukua muda, siku za watu wengi mabakuli yanapanga foleni kwenye sinki, ndiyo maana yanaisha. Tuache kuosha. Ujumbe mpya si utaufunika wa zamani?

“Ukiletewa supu kwenye bakuli alilotumia mwenzako bila kuoshwa, utakula?” nikamuuliza.

“Kama nina njaa na supu ni moto? Nitakula, dada Konadu. Nitakula na nitaomba nyingine.”

Wakacheka. Mimi sikucheka. Nimeandika kabati lile mwaka mzima, najua kuosha kunachukua muda gani: ni kidogo mno, hata ukipanga foleni ya vijiji vyote. Nilimwambia wazi kwamba anatafuta kosa langu kwa sababu hawezi kupata lake. Akaniambia nina kiburi. Nikamwambia ninacho na nimekifanyia kazi.

Duku huyu simpendi. Anaongea sana, anaandika haraka, anakula pilipili ya wenzake.

Jumatano, 16 Oktoba

Imekwama. Mtoni.

Ijumaa, 18 Oktoba

Imekwama, msituni. Nana Ataa amepiga simu akaongea na Mama Frema mlango umefungwa. Mlango wetu ni wa mbao nyembamba na simu ilikuwa kwenye spika, tukasikia yote. “Mkulima wangu amesimama na gunia, karani anamchekea. Unajua kile kicheko? Mimi ninakijua tangu nikiwa msichana.”

Baada ya hapo Mama Frema akatoka akasema anafikiria kulijaribu wazo la Duku.

“Lijaribu, Mama,” nikasema. “Lakini lijaribu kwetu kwanza, siyo kwa wakulima. Gumzo letu la ofisi linapita kwenye Krado hiyohiyo. Jumanne tuache kuosha, siku nzima, kila mtu aongee kama kawaida. Jioni nitawaonyesha kitu.”

“Utatuonyesha nini, hewa?” Duku akasema.

Jumanne, 22 Oktoba

Nataka niandike vizuri siku ya leo.

Tuliacha kuosha tangu asubuhi. Watu wakaandikiana kama kawaida, mambo ya kazi, mambo ya chakula, mambo ya mpira. Saa kumi Mama Frema akatuita wote kwenye skrini kubwa. Nikatuma ujumbe mfupi, neno “Habari” tu, kisha nikaiomba seva inirudishie bakuli zima lilivyo, siyo lile neno peke yake. Adui akiipata nafasi hiyo ndivyo atakavyofanya.

Skrini ikaandika Habari. Na nyuma ya Habari, bila mwanzo, yakafuata makombo ya mtu mwingine:

“…ana kiburi kuliko chifu, ila kabati lake, Mama, mimi hata ningepewa miaka mitano nisingeliandika hivyo. Tafadhali usimwambie, atakuwa hashikiki. Duku.”

Ofisi nzima ikalipuka. Mtu aligonga meza mpaka chai ikamwagika. Duku alijifunika uso kwa mikono yote miwili, na kutoka ndani ya mikono ikatoka sauti: “Osheni mabakuli. Nimesema osheni.”

Nilitarajia kukuta oda ya chakula au tusi juu yangu. Mama Frema alizima skrini akasema, “Hilo lingekuwa ufunguo wa siri wa mzani, au jina la mkulima na uzito wake. Kuosha kunabaki. Mjadala umekwisha.”

Wakati wa kutoka nikamkuta Duku ngazini.

“Mimi siyo kwamba sishikiki,” nikamwambia.

“Tayari umeanza,” akasema.

Ijumaa, 25 Oktoba

Imekwama. Kuosha kumeshinda, ila tatizo halijasogea hata hatua. Mama Frema ameagiza seva ipewe kumbukumbu maradufu, mabakuli maradufu.

Ijumaa, 1 Novemba

Kwa mabakuli maradufu imekwama mchana badala ya asubuhi. Hiyo ndiyo faida yote tuliyopata.

Kabati langu halina kosa. Nimelipitia mstari kwa mstari. Kila bakuli linalorudishwa linaoshwa, na kila linalotoka lilikuwa safi. Nimesema hivyo kikaoni, Mama Frema akanijibu kwa upole ulionichoma kuliko kelele: “Nakuamini. Lakini mkulima akisimama na gunia hatapima kabati lako, atapima kakao.” Amenituma niende kijijini nikaione Ijumaa kwa macho yangu. Nimechagua Bredikrom, kwa mama yangu.

Alhamisi, 7 Novemba, Bredikrom

Nimefika. Mama amenipikia ampesi ya viazi vikuu na mchuzi wa majani ya kontomire, akanilaumu nimekonda, akanilaumu gauni ni fupi, kisha akanikumbatia.

Kijiji kimetulia. Alhamisi ardhi inapumzika, jembe haligusi udongo. Mama, jina lake Yaa Pomaa, amezaliwa Alhamisi na huichukulia siku hii kama mali yake binafsi. Alikaa uani akigeuza kakao yake kwenye mikeka, maana hiyo haihesabiki kuwa kulima.

Nikatoa kompyuta yangu. Akaitazama.

“Na hiyo?”

“Nafanya kazi kidogo, Mama.”

“Haya. Kilichokatazwa ni jembe. Hiyo yako haina mpini.”

Jioni nikatembea mpaka kibandani kuutazama mzani. Nimeupangusa vumbi kwa khanga yangu. Taa yake ya kijani inazimika, inakaa, inawaka tena. Nadhani ni betri. Magunia ya Mama yako tayari kwa kesho.

Ijumaa, 8 Novemba, Bredikrom

Nimekasirika, ndiyo maana mwandiko umepinda.

Tulifika kibandani mapema lakini foleni ilikuwa imeshafika kwenye mti wa kivuli na kupita. Mama alibeba gunia la kwanza kichwani mwenyewe, alikataa nisaidie. Waliotangulia wakapimwa vizuri. Tulipofika sisi, mzani ukaandika SUBIRI. Nikajua. Nikapiga simu ofisini wazime na kuwasha, mtandao ukakatika, nikapiga tena, ukakatika tena.

Karani akakitoa chuma chake cha kuning'iniza kutoka nyuma ya mlango, haraka kama mtu aliyekuwa akingoja.

“Mama Pomaa, mashine ya binti yako imesinzia. Tumtumie mzee wetu huyu.”

“Mzee wako huyo haoni vizuri,” Mama akasema.

“Anaona anachoona, mama yangu.”

Akaning'iniza gunia, akaweka kidole gumba pale anapokiweka siku zote, akasoma namba. Mama akaangalia pembeni.

“Siyo hiyo,” akasema. “Mimi nimelibeba hili. Shingo yangu inajua.”

“Shingo haiandiki risiti.”

Watu wakacheka kidogo, kicheko kile cha watu wasio na la kufanya. Mama akachukua karatasi yake akaikunja. Mimi nilikuwa nimesimama pale na shahada yangu na simu isiyoshika mtandao. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, kwa sababu ule mzani ulionyamaza una kazi ya mikono yangu ndani yake, na nilimwambia Mama hautanyamaza.

Mtandao uliporudi Duku alikuwa ameshawasha upya. Nikamwambia asifute chochote, aangalie kwenye rekodi mabakuli yaliyokuwa yameshikwa kabla hajazima, yalitolewa lini. Akapekua.

“Dada. Mengi yalitolewa jana.”

“Jana? Jana Alhamisi hakuna aliyepima hata punje.”

“Ndiyo ninachokuambia. Jana kutwa, kidogo kidogo. Yametoka na hayajarudi.”

Nilikuwa nimekaa kwenye kizingiti cha kibanda. Watu wamekwisha kuondoka, mzani hauna kazi. Taa ya kijani ikazimika mbele ya macho yangu. Ikakaa. Ikawaka.

Siyo betri, taa ile inaonyesha laini ya mtandao. Mzani usipotuma kitu kwa muda, kampuni ya simu inaikata laini kimyakimya, haimwambii mtu. Mzani unagundua, unaunganisha upya, na seva inaupa mabakuli mapya. Ila upande wa seva ile laini ya kwanza haijaaga. Inaonekana bado ipo, imenyamaza tu, na imekumbatia mabakuli yake ikingoja neno ambalo halitakuja. Siku ya kazi watu hupima mfululizo na laini haikatwi. Siku ya mapumziko inakatwa kutwa nzima, kijiji baada ya kijiji. Ikifika asubuhi, kabati limebaki nusu tupu, na hapo ndipo umati unakuja.

Wiki zote hizi tumeitazama Ijumaa yenye watu. Hakuna aliyeitazama Alhamisi isiyo na mtu. Na sote tumekulia kwenye Alhamisi! Tumeizoea mno hata hatukufikiri kwamba kimya nacho kinakula.

“Duku,” nikasema, “na mtoni ni Jumanne.”

“Na wanakwama Jumatano,” akasema. Tukapiga kelele wote wawili kwenye simu kama watoto.

Jumatatu, 11 Novemba

Kwa sasa seva itazimwa na kuwashwa kila Jumanne na Alhamisi jioni. Inasaidia, na inaniudhi. Mama Frema anauliza kwa nini tusiishie hapo. Nimemjibu: je, kijiji kikipumzika siku isiyo ya kawaida? Akasema tuandike dawa ya kweli, lakini tuharakishe.

Jumatano, 13 Novemba

Nimeandika mfagizi. Anazunguka, akikuta laini imenyamaza anachukua bakuli, anaosha, anarudisha. Nimeridhika naye sana.

Alhamisi, 14 Novemba

Mfagizi wangu ameiangusha seva ya majaribio mara tatu. Alinyang'anya bakuli wakati ujumbe ulikuwa umefika nusu, mtandao wa vijijini ni wa polepole, na sehemu ya kufungua siri ilikuwa bado inasoma humo ndani. Duku akaja akasimama nyuma ya kiti changu.

“Umeosha sahani mtu bado ana tonge mkononi.”

“Naona.”

“Na bakuli lile lile umempa mwingine. Wangesoma uzito wa wenzao.”

“Naona, Duku!”

Akavuta kiti. Mwezi uliopita ningemfukuza. Leo nilisogea nikampa nafasi.

Jumatatu, 18 Novemba

Duku ameniuliza swali ambalo sikuwa nimejiuliza: “Laini isiyo na neno, kwa nini inapewa bakuli toka mwanzo?”

Nikamjibu kwamba ndivyo sehemu yake inavyoomba: ikiunganishwa tu, inaomba. Akasema sehemu yake iliomba hivyo kwa sababu kabati langu lilikuwa radhi kutoa. Tukatazamana. Kwa kweli hakuna aliyekosea, ila kati yake na mimi palikuwa na nafasi ambayo haikuwa ya mtu.

Basi: laini inayongoja tu haishiki kitu. Neno likianza kuingia ndipo inakuja kuazima. Ikimaliza, inarudisha palepale na bakuli linaoshwa, hata kama laini itaongea tena baadaye. Na iliyonyamaza ikiwa na ujumbe nusu inapewa muda wake. Muda ukiisha, laini inakatwa kwanza, msomaji anaachia, bakuli linaoshwa, mwisho ndipo linarudi. Kwa mpangilio huo tu. Kila bakuli sasa linajua limeshikwa na nani, na halinyang'anywi mkononi.

Jaribio lake nimeliita Yawoada, Alhamisi. Ndani yake mizani elfu ya kuigiza inawashwa, inakatwakatwa, na haipimi kitu chochote. Nimeandika juu yake mstari mmoja: Leo hakuna anayelima. Hesabu mabakuli. Yote yawe nyumbani.

Jumatano, 20 Novemba

Yote yako nyumbani! Duku kanunulia ofisi nzima fufu na supu ya karanga. Pilipili yake kanipa mimi.

Ijumaa, 22 Novemba

Imewekwa kwenye seva ya kweli. Kuzima na kuwasha nimekufuta kabisa. Mama Frema alishika kifua. Msituni wamepima mpaka mwisho.

Jumatano, 27 Novemba

Mtoni, salama.

Ijumaa, 6 Desemba

Salama. Vumbi la upepo wa harmattan limeanza, midomo inapasuka. Ijumaa ni siku njema, na aliyezaliwa siku hiyo ana baraka. Nimelisema mara kadhaa leo.

Jumanne, 10 Desemba

Chifu wa upande wa msituni amefariki. Ngoma zimetangaza: hakuna kwenda shamba, hakuna kuuza wala kununua, mpaka Jumatatu. Vijiji vyote. Katikati ya kilele cha mavuno.

Mizani itakaa imewaka, kimya, siku baada ya siku. Jumatatu wote watakuja kwa pamoja, na magunia ya wiki nzima.

Ijumaa, 13 Desemba

Mama Frema hali chakula vizuri. Anataka Jumapili jioni tuzime na kuwasha, “kwa usalama tu.” Nana Ataa amesema atakuja mwenyewe Jumatatu kukaa nasi, na kutoka hapa ndipo ataamua.

Nimemwambia sikubaliani. “Ukiizima, Mama, Jumatatu itapita na hatutajua kama imepita kwa sababu ni nzima au kwa sababu tuliiamsha. Nami ninajua ni nzima.”

“Unajua, au unajivuna?”

Nilitaka kujibu haraka, nikajizuia. Duku akajibu badala yangu, bila kuinua macho kutoka kwenye skrini: “Anajua, Mama. Na mimi najua. Kama itakwama, nitamwambia Nana mwenyewe.”

Mama Frema akatutazama kwa zamu. “Kumbe mmekuwa wawili,” akasema. Haitazimwa.

Jumatatu, 16 Desemba

Nana Ataa alifika amevaa nguo nyeusi za msiba, akakataa kiti chenye mto, akakaa kwenye benchi mbele ya skrini kubwa na mkoba wake mapajani.

“Nionyeshe mabakuli,” akasema.

Nikamwonyesha. Wiki nzima ya kimya, laini zimekatwa na kuunganishwa maelfu ya mara, na kabati limejaa kama siku lilipowashwa. Hakuna hata bakuli moja lililolala nje. Nikanyoosha kidole kwenye namba.

Kisha vijiji vikaja. Sijawahi kuona kitu kama kile. Mabakuli yakatoka na kurudi, yakatoka na kurudi, kabati likashuka mpaka nikasikia Mama Frema nyuma yangu anaomba Mungu kwa sauti ndogo. Likashuka tena. Duku akakamata ukingo wa meza. Likasimama pale, chini lakini limesimama, na kila bakuli lililotoka lilikuwa limeoshwa. Nilikuwa nahesabu na kunung'unika peke yangu: rudi, rudi, rudi. Yakarudi. Mchana wote hivyo. Neno SUBIRI halikuandikwa popote.

Nana Ataa hakusimama hata kwenda kula. Jioni akapiga simu vibandani, kimoja baada ya kingine, swali moja tu: “Karani alitoa kile chuma chake leo?” Hapana. Hapana. Hapana. Kwenye simu ya mwisho alicheka.

“Anasema kutu imeanza kukiingia.”

Akafunga mkoba wake. “Wale wenye tai nitawaandikia barua ya asante. Krado inabaki.” Kisha akanitazama mimi. “Wewe ndiye mwenye kabati? Nimesikia una kiburi.”

“Ndiyo, Nana.”

“Baki nacho.”

Nililia. Chooni, lakini nililia, kwa furaha, mpaka kilemba kikalegea. Nilipotoka nikamkuta Duku ananawa uso kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika.

Alhamisi, 26 Desemba, Bredikrom

Nimekuja kula sikukuu na Mama. Mama Frema ameiweka Krado wazi, yeyote aitumie, na leo kumekuja ujumbe wa kwanza kutoka mbali: mtu wa Windhoek anayeweka Krado kwenye mita za maji. Anaisifu. Ila anauliza kama tunaweza kubadilisha jina la lile jaribio la Yawoada, maana kwao hakuna anayeelewa Alhamisi ina uhusiano gani na kumbukumbu ya kompyuta. Duku alikuwa ameshamjibu kabla yangu: “Hatubadilishi. Mwenye kabati yuko kwao anapumzika. Leo ndiyo siku yenyewe.”

Nikamsomea Mama. Akageuza kakao yake kwanza.

“Mwambie aje siku kama leo na jembe lake,” akasema. “Akilima kidogo tu, watu watamweleza.”

Nimemwandikia hivyo hivyo. Jioni nimepita kibandani. Taa ya kijani ikazimika, ikakaa, ikawaka. Nikaitazama mpaka giza likaingia, kwa raha tu.

Ijumaa, 27 Desemba, Bredikrom

Magunia ya mwisho ya Mama. Alibeba la kwanza mwenyewe, akalitua juu ya mzani, na kabla namba haijatokea akaitaja yake kwa sauti ili foleni nzima isikie. Namba ikatokea. Mama akaisoma polepole, akajishika shingo akaipapasa.

“Wamekubaliana,” akasema.